Ujumbe Uliomhamisha Baba Mkwe

Wewe unayesoma hii, tabia yako inachosha. Jirani akija kuomba chumvi unamuuliza ya nini, kiasi gani, na ile bakuli ya juzi iko wapi. Lakini programu usiyojua imetengenezwa na nani wala iko nchi gani ikikuomba isome ujumbe wako wote na iwaandikie rafiki zako kwa jina lako, unabonyeza Ruhusu huku unatafuna muhindi. Husomi. Ukiulizwa kwa nini, eti maandishi ni marefu. Marefu gani? Mistari tisa. Maneno ya kwenye kundi la harusi unasoma mia nne kwa siku na hatujawahi kukusikia ukilalamika macho.

Basi kaa hapo usikie ya Atupele wa Ikolo, kijiji cha kule Kyela, ambaye alibonyeza kama wewe, na ndani ya siku mbili baba mkwe wake akafunga begi akahama nyumba.

Atupele ana miaka thelathini na moja na sauti ya kusikika mashamba matatu mbali. Mume wake anaitwa Eliya, mtu wa mpunga na kokoa, mpole mpaka watu wanamwonea huruma. Wana mtoto mmoja wa miezi minne. Kazi ya Atupele ni vyungu. Kila baada ya Jumamosi moja anadamka kwenda Matema, anasubiri mitumbwi ya akina mama wa Ikombe iguse mchanga, halafu anaanza kazi yake ya kuudhi watu: anagonga kila chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kinacholia vizuri anachukua. Kinacholia kama kikohozi anarudisha, na mwenye chungu akinuna anamwambia, "Mama, mimi ndiye nitakayetukanwa na mteja wa Mbeya, wewe utakuwa umelala Ikombe." Anavifunga kwa majani makavu ya mgomba, anavileta Ikolo, na asubuhi jua likiwa bado dogo anaviweka juu ya gogo moja lililoko nyuma ya jiko na kuvipiga picha. Picha zinaenda kwenye ukurasa wake mtandaoni. Hapo ndipo anapouza.

Ukurasa una wafuasi wengi, lakini mmoja alikuwa anamnyima raha. Anajiita Kokoa Safi. Hana picha ya uso, ana picha ya tunda la kokoa tu. Atupele akiweka chungu, dakika mbili hazipiti Kokoa Safi ameshapenda na kuandika. Na haandiki upuuzi. Anaandika vitu kama, "Shingo ya hiki imekaa vizuri. Aliyekifinyanga ana mkono wa zamani." Au, "Hiki kimetolewa motoni mapema, tazama rangi ya tumbo." Atupele akitazama tena anakuta kweli. Ameshaagiza vyungu vitatu, vyote akataka vipelekwe kwa bodaboda mpaka njia panda ya Talatala, na aliyevipokea ni kijana wa shambani asiyejibu maswali.

"Huyu ni nani?" Atupele alikuwa anamuuliza Eliya karibu kila siku.

"Ni mteja."

"Mteja gani anajua udongo hivi?"

"Mteja anayejua udongo," alisema Eliya, akaendelea kula.

Sasa kabla hatujaendelea kuna jambo la kwao lazima ulijue. Kwa Wanyakyusa wa aina ya familia hii, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai sehemu moja, na jina la mzee halitoki mdomoni mwa mkamwana hata akikanyaga mwiba. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia pembeni kwenye migomba mpaka mzee apite. Si ugomvi. Ni heshima yenyewe, na ukiivunja wanaoona aibu ni wote wawili. Wengine siku hizi wamelegeza, wanapeana shikamoo na maisha yanaendelea. Mzee Ambakisye, baba yake Eliya, hajalegeza kitu. Nyumba yake iko hatua hamsini kutoka kwa Atupele, na kwa miaka minne ya ndoa Atupele anachokijua cha baba mkwe wake ni kikohozi, kengele ya baiskeli na mgongo wa koti.

Ila wanapendana, kwa namna yao. Mzee akivuna ndizi nzuri, mkungu unakutwa mlangoni. Atupele akipika samaki, bakuli la mzee ndilo linalotangulia, linapelekwa na mama mkwe, bibi Marta. Na mtoto alipozaliwa, mzee akatuma neno kwamba achukue jina lake. Ubatizo ukapangwa Jumapili, yeye babu ndiye angesimama na kumshika mtoto kanisani. Kwa Atupele ile ilikuwa heshima kubwa kuliko zote, ingawa ilimaanisha hataweza kumwita mwanawe mwenyewe kwa jina. Alishajipanga. Anamwita Tata, yaani baba, na mtoto anaitika kwa kutoa mate.

Jumatatu ya wiki ya ubatizo, Atupele alikuwa anamenya ndizi. Simu iko kwenye kigoda, mikono imejaa utomvu. Kwenye simu likapita tangazo la programu inayoitwa Nani Kapita. "Jua ni nani anayekuchungulia kuliko wote kwenye ukurasa wako. Bure." Atupele akamkumbuka Kokoa Safi. Kisu kikawekwa chini.

Programu ikasema, unganisha na akaunti yako. Ikaja ile orodha. Kusoma majina ya marafiki zako. Kusoma ujumbe wako. Kutuma ujumbe kwa niaba yako. Kutumia picha yako. Na mengine matano. Chini kabisa, kitufe: Ruhusu Zote. Vidole vina utomvu, haviwezi kupandisha wala kushusha maandishi, kwa hiyo Atupele akakunja kidole na kugonga kitufe kwa kifundo, vilevile anavyogonga vyungu. Tofauti ni kwamba chungu anasubiri asikie kinalia vipi.

Programu ikazunguka, ikazunguka, ikasema, "Alika marafiki kumi ili uone jibu." Atupele akasonya, akaifuta kwenye simu, akarudi kwenye ndizi zake. Hata kumwambia mume wake hakuona sababu.

Jumanne saa mbili asubuhi simu ikaanza kulia. Wa kwanza alikuwa Mchungaji. "Dada Atupele, nimepokea ujumbe wako. Naomba uelewe kwamba mimi huwa naangalia bei tu. Mama Mchungaji naye ameuona ujumbe." Wa pili mwalimu mkuu: "Mama, nisamehe, sikujua kama inaonekana." Wa tatu mwanamume mmoja wa Mbeya aliyewahi kununua bakuli moja tu: "Hatimaye umegundua, mrembo." Huyo akafungiwa palepale.

Atupele akafungua aone ni ujumbe gani wanaousema. Akaukuta, kwa jina lake, na picha yake pembeni, ile ya sikukuu, amefunga kilemba chekundu na kucheka meno yote nje. "Atupele amegundua kuwa wewe ndiye unayemchungulia kuliko wote. Gusa hapa uone alichosema kuhusu wewe."

Akacheka kwanza. Ukweli ni ukweli, alicheka, maana alimfikiria Mchungaji akimweleza mkewe. Akabadilisha neno la siri la akaunti, akaona kazi imeisha. Saa tano bibi Marta akaja. Hakupiga hodi, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mzee amefunga begi," alisema bibi Marta.

"Anaenda wapi, mama?"

"Talatala, kwa mdogo wake. Anasema hawezi kukaa hapa. Anasema umemwandikia."

"Mimi?"

"Na picha ya uso. Anasema umemwambia anakuchungulia." Bibi Marta akakaa kwenye kigoda, akajifunika mdomo kwa kanga. "Binti yangu, miaka arobaini nimekaa na yule mzee, sijamwona akikunja shati vibaya. Leo amelitupa tu begini."

"Mama, mimi namba yake sina. Jina lake siwezi kulitamka, ningeliandikaje kwenye simu?"

"Hata mimi nimemwambia hivyo. Anasema ameona kwa macho yake." Bibi Marta akaishusha kanga mdomoni. "Na anasema Jumapili haji. Mtoto mtafutieni jina lingine."

Kicheko cha asubuhi kikaishia hapo. Kengele ya baiskeli ikasikika ikipita barabarani, na kwa mara ya kwanza haikulia mara mbili mbele ya mlango wa mjukuu.

Jioni Eliya akaenda Talatala kumweleza baba yake. Akarudi uso umeanguka.

"Amesema nini?"

"Amesema, ujumbe ulitoka kwake, maelezo nayo yatoke kwake."

"Kwangu? Nitamwelezaje na hatusemezani?"

"Ndilo nililomuuliza. Akanipa embe nile njiani, maana yake niondoke."

Jumatano Atupele alimfunga mtoto mgongoni, akaenda mjini Kyela kwa Hanifa. Hanifa ni fundi simu, ana kibanda cha bati karibu na soko. Babu yake alikuja kutoka Tanga na mizigo ya vitambaa akasahau kurudi, na Hanifa mwenyewe anaongea Kinyakyusa cha kugombana vizuri kuliko wenyeji. Akamsikiliza Atupele mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaifungua.

"Programu uliifuta?"

"Nimeifuta Jumatatu ileile. Na neno la siri nimebadilisha."

"Nipe." Hanifa akaichukua simu. "Tazama, dakika nne zilizopita umemwandikia mtu wa Tunduma."

"Sijamwandikia mtu yeyote, nilikuwa kwenye bajaji."

"Ndiyo nakuonesha. Shoga, ulichofuta ni kile kipicha. Ruhusa haikai kwenye simu, inakaa kwenye akaunti. Sawa na umemwambia mtu apite shambani kwako kuchota maji, halafu ukaacha kumtazama. Hujamkataza, umegeuka tu."

"Na neno la siri?"

"Neno la siri ni la wewe kuingilia. Wao hawaingii kwa neno lako la siri, wanaingia kwa ruhusa yako."

Hanifa akafungua mipangilio, akashuka mpaka palipoandikwa programu na tovuti zilizounganishwa. Atupele alitegemea kuona moja. Zilikuwa kumi na moja.

"Sura Yako Ukizeeka," alisoma Hanifa. "Hii ya lini?"

"Mwaka juzi. Nilitoka nafanana na shangazi."

"Utaolewa na Mtu wa Herufi Gani."

"Hiyo nilikuwa bado sijaolewa."

"Sasa umeolewa, umezaa, na bado inasoma ujumbe wako. Hata Eliya hasomi ujumbe wako." Hanifa akaanza kuziondoa, moja baada ya nyingine, kila moja akiisindikiza kwa sonyo. Nani Kapita ndiyo iliyopewa sonyo refu zaidi. Akafika kwenye moja, Atupele akamshika mkono.

"Hiyo niachie. Ndiyo inayopeleka picha za vyungu kwenye kurasa zangu mbili kwa mara moja."

"Sawa, ni ya kazi. Lakini inataka picha tu. Mbona umeipa na ujumbe, na marafiki, na mahali ulipo?"

"Iliomba."

"Iliomba," alirudia Hanifa, kama anayeongea na bati la kibanda. Akaingia ndani yake, akazima kila kitu, akaacha picha. "Inayofanya kazi unaipa inachofanyia kazi. Basi. Na ujue, walichokwisha kuchukua hawa wa Nani Kapita wamechukua. Hapa kuna anwani yao, tunawaandikia wafute. Sitegemei makubwa, lakini tunaandika."

Wakaandika. Halafu wakafungua mahali pa ujumbe uliotumwa. Watu mia sita na kumi na wawili, wote wameambiwa kwamba wao ndio wanaochungulia kuliko wote. Hanifa alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Walikuwa wanapita majina, Atupele anatafuta jinsi baba mkwe alivyofikiwa, ndipo wakakuta Kokoa Safi. Huyu alikuwa amejibu, Jumanne asubuhi.

"Nimekosa. Sitatazama tena. Nilikuwa natazama vyungu tu kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa Ikombe na mfinyanzi. Picha yenye uso wako sijawahi kuifungua hata moja, nikiiona inakuja nageuza simu. Mtoto mtafutieni jina lingine."

Atupele akasoma mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshika meza.

Mwaka mzima. Mwaka mzima alikuwa anajibizana na baba mkwe wake kuhusu shingo na matumbo ya vyungu, anamtania, anamwandikia "karibu sana mteja wetu", anamuuliza kama ana mke wa kupikia hivyo vyungu. Akakumbuka na jibu aliloandikiwa: "Ninaye, ananitosha." Akajifunika uso wote kwa kanga ya mtoto, katikati ya soko.

"Ila shoga," alisema Hanifa taratibu, "mchunguliaji wako umempata. Tuseme ukweli, programu imetimiza ahadi."

"Hanifa, nitakupiga na mtoto yuko mgongoni."

"Utanipiga kesho. Leo fikiria. Mzee amekwambia maelezo yatoke kwako, na kumsemesha huwezi. Kuandika?"

"Nimwandikie tena? Kuandika ndiko kumemhamisha."

Hanifa akamtazama mtoto. Mtoto alikuwa macho, anamtazama Hanifa, mate yanamchuruzika. "Huyu haogopi mkwe yeyote," alisema.

Alhamisi saa nne asubuhi, Atupele, Eliya na mtoto wakashuka bodaboda Talatala. Nyumba ya mdogo wake mzee ina jiko la matofali pembeni, na mbele yake uwanja wa kuanikia kokoa. Mzee Ambakisye alikuwa amekaa upande wa uwanja, anageuza kokoa kwa mkono. Atupele akapita nyuma ya migomba, kichwa kimefunikwa, akachutama nyuma ya ukuta wa jiko. Na pale nyuma ya jiko, kwenye kivuli, akavikuta. Vyungu vitatu. Kimoja kina maji, kimoja kina mbegu za mpunga, cha tatu kimekaa tu, kimefutwa vumbi. Kile cha tatu alikijua kwa alama ya kidole cha mfinyanzi iliyobaki kwenye ukingo. Alikuwa amekiandikia mtandaoni kwamba kina dosari kidogo, na Kokoa Safi akajibu, "Hiyo si dosari, ni mtu."

Eliya akampa baba yake mtoto, akasogea mbali kama walivyopanga. Kuku mmoja akapita katikati.

"Tata," alisema Atupele kutoka nyuma ya ukuta, kwa sauti ndogo ambayo hakujua kama anayo. "Mwambie babu yako shikamoo."

Mtoto alikuwa anakula kidole chake. Mzee akatazama kokoa, akatazama mbingu, akatazama mtoto.

"Mjukuu wangu," alisema mwishowe, "mwambie mama yako marahaba."

"Tata, mwambie babu yako ule ujumbe mama yako hakuuandika. Umeandikwa na programu. Mama yako aliipa ruhusa bila kusoma. Alikuwa na utomvu wa ndizi mikononi."

"Mjukuu, muulize mama yako, programu ina mikono?"

"Haina, Tata. Imetumia jina la mama yako na picha yake. Imewaandikia watu mia sita na kumi na wawili maneno yaleyale."

"Yaleyale?"

"Neno kwa neno. Mchungaji naye amepata."

"Mchungaji naye?" Mzee alisahau kupitia kwa mtoto, akajirudi haraka. "Mjukuu, muulize, na yeye ameambiwa anachungulia kuliko wote?"

"Kuliko wote. Na mwalimu mkuu, kuliko wote. Na mtu mmoja wa Tunduma."

Mzee akapiga hesabu. "Haiwezekani watu wote hao wawe wa kwanza."

"Ndipo uongo wenyewe ulipo, Tata. Mwambie babu yako wala haikuhesabu. Ilikuwa inatafuta wa kubonyeza tu."

Upande wa pili wa ukuta ukatoka kikohozi. Atupele anakijua kile kikohozi kwa miaka minne, lakini hakuwahi kukisikia kikiendelea hivi, kikipanda na kushuka, mpaka alipotambua kwamba si kikohozi. Mzee alikuwa anacheka. Alikuwa anamwona Mchungaji akilini.

"Na mwambie," Atupele akaendelea, sasa sauti yake ya kawaida ikianza kurudi, "vyungu havina uso. Avitazame tu. Mama yako anasema katika wafuasi wake wote, Kokoa Safi peke yake ndiye anayejua chungu."

Mzee akampangusa mjukuu mate kwa kidole gumba. "Mwambie mama yako kwamba mama yangu mimi alikuwa anasuta watu kwa vyungu vyao. Na umwambie kile alichoweka wiki iliyopita, cha mdomo mpana, kinavuja. Asiuze."

"Tata, mwambie ndaga fijo, asante sana. Sitauza."

Eliya akaona mambo yamekaa vizuri, akataka kuja kumchukua mtoto. Mzee akamzuia kwa mkono. Kuna kitu bado. Akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akaishika mbali na macho.

"Mjukuu, mwambie mama yako kwamba pale chini paliandikwa gusa hapa. Na babu yako aligusa."

Nyuma ya ukuta Atupele akafumba macho.

"Na palipouliza ruhusa, Tata?"

"Babu yako aliruhusu. Alitaka aone amesemwa nini. Sasa tangu jana wazee wa kanisa hawamwelewi. Na Shabani, yule rafiki yangu wa mchele pale mjini, ameandika hivi." Mzee akasoma polepole. "Ambakisye, umri huo una kitu gani cha kuchunguliwa?"

Eliya akageuka akatazama mlima. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Basi hapo Talatala, kati ya kokoa na migomba, likafanyika somo ambalo Hanifa angelipa nauli aje alione. Atupele nyuma ya ukuta, baba mkwe mbele ya ukuta, na mwalimu ni mtoto wa miezi minne.

"Tata, mwambie babu yako afungue ile mistari mitatu hapo juu."

"Mwambie mama yako imefunguka."

"Aguse mipangilio. Ashuke mpaka aone programu na tovuti."

"Mwambie nimeshuka nimepitiliza. Mwambie asubiri. Mwambie nimeona. Ziko tatu."

"Amsomee Tata, mimi nitasikia."

"Nani Kapita. Bei ya Kokoa Leo. Na hii nyingine, Umri Halisi wa Moyo Wako."

"Tata, ya kwanza aiondoe."

"Imeondoka."

"Ya bei aiingie ndani, atazame imepewa nini."

"Inasoma majina ya marafiki. Mjukuu, muulize mama yako, bei ya kokoa inawatakia nini marafiki zangu?"

"Haiwatakii kitu. Azime hapo, bei abaki nayo. Ya tatu aiondoe."

Kidole cha mzee kikabaki juu ya kioo, hakijabonyeza.

"Mjukuu," alisema mzee, "mwambie mama yako hiyo iachwe. Ilisema moyo wangu una miaka thelathini na minne."

"Tata, mwambie babu yako za aina hiyo husoma namba zote za kwenye simu yake, na ya bibi Marta ikiwemo."

Mzee akaitazama simu kwa muda. Akabonyeza. "Mwambie nimeiondoa. Lakini moyo ni huohuo, thelathini na minne."

Wakati wanaondoka, Atupele akiwa tayari amezunguka kwa kule kwenye migomba, mzee akaongea mara ya mwisho, safari hii akimtazama mtoto sawasawa. "Jumapili unavaa nini? Usinikojolee, koti langu ni moja."

Begi likarudi Ikolo jioni ileile, kwenye keria ya baiskeli. Kengele ikalia mara mbili mlangoni.

Jumapili kanisani Mchungaji alipouliza mtoto anaitwa nani, hakumtazama Atupele hata kidogo, kwa sababu zake. Eliya ndiye aliyejibu, kwa sauti kubwa, "Ambakisye." Mzee alisimama mbele na koti lake moja, amembeba mwenye jina. Alikojolewa. Atupele alikuwa amekaa upande wa akina mama, nyuma ya nguzo, haoni kitu isipokuwa kiwiko cha baba mkwe na mguu mmoja wa mwanawe, akasema Amina kwa sauti kuliko watu wote.

Jumatatu asubuhi akaweka chungu kipya juu ya gogo, akapiga picha, akapandisha. Dakika mbili hazikuisha. "Hiki ndicho," aliandika Kokoa Safi. Atupele akaanza kuandika jibu, akasita, akafuta, akamchukua mtoto akamweka mbele ya simu. Jibu linasomeka: "Tata anasema asante, babu."

Sasa turudi kwako, maana hadithi umeifurahia na bado hujagusa mipangilio yako. Usiniambie utaangalia jioni. Funga ukurasa huu, ingia kwenye akaunti yako, tafuta palipoandikwa programu na tovuti zilizounganishwa, usome moja moja. Usiyoikumbuka iondoe. Ya kazi iache, lakini uzime yote isiyoyahitaji. Ukimaliza nenda kwa mzee wako mwenye simu, mwombe kwa adabu akusomee na za kwake. Kama hamsemezani, tafuta mtoto.